Tangi la Kushoto

Kwa miaka mitano pikipiki ya Muasya ilisimama chini ya magunia kando ya mlango wa nyumba yao mtaani Jericho, Nairobi, na kwa miaka hiyo yote Nthoki alipita hapo kila asubuhi akienda kiwandani, uso ameugeuza kama mtu anayempita jirani wasiyesemezana naye. Hakuifunua, wala hakumruhusu mtu kuifunua. Magunia yakioza kwa mvua alinunua mengine, akayatupia juu bila kutazama kilicho chini. Majirani walisema anaitunza kwa mapenzi. Majirani husema mengi. Ukweli ni kwamba aliichukia vile mtu anavyoweza kukichukia chuma, na alishindwa kuitoa vile unavyoshindwa kumfukuza mgeni aliyeletwa na mumeo.

Na ilikuwa pikipiki, usidhani ni hivi vidude vya siku hizi vinavyolia kama mbu. Ilikuwa Harley ya Marekani, ya wakati wa vita vya Hitler, nzito kama ndama, rangi yake kijani cha jeshi. Muasya aliinunua kwa mzungu wa shamba la ng'ombe upande wa Ulu, aliyekuwa akifunga virago mwaka wa Uhuru. Gia yake hukuibadilisha kwa mguu. Fimbo ya gia ilisimama ubavuni, na ukitaka kubadilisha ilibidi uuachilie usukani kwa mkono wa kushoto. Matangi yalikuwa mawili, yamekaa pamoja kama nusu mbili za kibuyu: la kushoto petroli, la kulia oili. Mlio wake ulichechemea kama mtu mwenye mguu mmoja mfupi, na watoto wa Jericho waliibatiza Ngurumo.

Nthoki alikuwa na desturi yake. Jioni, akiisikia Ngurumo inaacha Jogoo Road na kuingia mtaani, aliteremsha sufuria kubwa akabandika maji ya kuoga. Hakuhitaji saa. Muasya akimaliza kuiegesha na kuifuta vumbi, maji yalikuwa tayari, vuguvugu, jinsi alivyopenda. Kuna ndoa zinazojengwa kwa maneno matamu. Ya kwao ilijengwa kwa sufuria ile, na haikuwa na nyufa.

Siku ile pia aliisikia. Akabandika maji. Kisha Ngurumo ikanyamaza ghafla, naye akadhani mumewe amesimama kusalimiana na watu, maana Muasya hakuweza kumpita mtu bila kumwuliza habari za ng'ombe wa kwao. Kumbe kwenye kona mkokoteni wa mbao ulikuwa umejitokeza barabarani. Mkono wa kushoto wa Muasya ulikuwa kwenye gia. Alikwepa kwa mkono mmoja, akaigonga nguzo ya taa, na kifua chake kikalipiga tangi la kushoto. Alikufa palepale.

Waliokuja kumwita Nthoki walimkuta akimenya viazi. Alitoka mbio bila kuzima stovu. Aliporudi, ameshikwa mikono na wanawake wa kanisa, maji yalikuwa yamekauka yote na sufuria imeungua ikawa nyeusi. Polisi walikuwa wameshaipeleka maiti mochari. Aliletewa mumewe ndani ya sanduku, amevikwa suti, ameoshwa na watu asiowajua. Mengine yote aliweza kuyameza, hata kifo chenyewe, kwa sababu kifo hakina mwenyewe. Hilo la kuoshwa na wengine lilimkwama kooni, na lilikuwa bado hapo.

Mwaka wa tano, ule wa njaa, Marekani ilipoleta mahindi ya manjano na Nairobi nzima ikajifunza kula ugali wa rangi ya kiini cha yai, binti yake Kavata akapata mchumba. Kavata alikuwa karani wa kupiga taipu mjini, msichana wa maneno machache na Kiingereza kingi. Wazee wa upande wa kijana walituma habari kwamba watafika Jericho mwezi wa Desemba kujitambulisha, kabla ya kupeleka mbuzi wa ntheo, wale wa kuthibitisha uchumba, nyumbani Mbooni, kama ilivyo kwa Wakamba.

Mama mkwe wa Nthoki alipopata habari hizo alipanda basi kutoka Mbooni, akaja, akasimama mbele ya magunia na fimbo yake. Alikuwa Mkristo wa kubatizwa mtoni, wa kukesha kwa maombi, lakini kuna mambo ambayo hata mto huyaacha mahali pake.

"Watoto wa watu hawatapita kando ya damu kuja kumwomba mjukuu wangu," alisema. "Hiki kitu kiondoke. Na sikia, mke wa mwanangu. Kilichoua mtu hakiuzwi kimyakimya. Atakayekichukua aambiwe, na aseme kwa kinywa chake kwamba amesikia. Ukinyamaza, hiyo thavu itamfuata yeye, halafu itarudi kumwuliza mtoto wako kwa nini mama yake alinyamaza."

Thavu ni ule uchafu usiotoka kwa sabuni, unaompata mtu aliyegusa kifo vibaya. Nthoki alikuwa mwanamke wa mjini, wa kiwanda na wa kwaya. Lakini Kavata alikuwa mtoto wake wa pekee, na kwa mtoto wa pekee mtu hafanyi majaribio. Usiku huo aliapa moyoni kwamba pikipiki itatoka, na itatoka kwa ukweli.

Aliyeleta mnunuzi ni shemeji yake, Mbithi, mdogo wake Muasya, fundi wa kunyoosha bodi za magari kule Kariobangi. Alikuja na mtu aitwaye Bedan Wanyoike, mwenye koti la ngozi na viatu vya kung'aa, aliyewahi kuuza vipuri kabla ya kugundua biashara nzuri zaidi. Bedan alizunguka kwenye maghala ya wazungu waliohama, kuanzia Nanyuki mpaka Kitale, akitafuta pikipiki kuukuu za Kimarekani. Akizipata alizipigilia ndani ya masanduku ya mbao, zikashuka Mombasa, zikapanda meli kurudi zilikotoka. Meli zinaleta mahindi, zinarudi na pikipiki. Sijui nani alimcheka nani hapo.

"Kwani huko Marekani hawatengenezi mpya?" Nthoki alimwuliza.

"Wanatengeneza, Mama! Mpya zimejaa kwa duka zinang'aa kama kioo. Lakini mtu ako na pesa hataki kitu jirani yake anaweza kununua kesho. Anataka hii, yenye ilienda vita. Ya kale dhahabu." Bedan alifunua gunia upande mmoja, akachungulia, akameza mate. "Jumamosi nakuja na mwenyewe, ni Mmarekani. Atataka kusikia injini. Na Mama, hiyo maneno ya ajali wachana nayo kabisa. Usiiguse. Ukimwambia hii kitu iliua mtu, atatoka hapa mbio na hatarudi."

"Ni lazima aambiwe," Nthoki alisema.

"Mimi ndio nitamwambia, wakati mzuri ukifika," Bedan akajibu, na jicho lake likaenda pembeni.

Siku zilizofuata Mbithi aliisukuma Ngurumo hadi karakana yake. Hapo ndipo penye kosa, na ni kosa la mapenzi. Katika ukoo wao, jeraha la marehemu halionyeshwi watu. Muasya mwenyewe kifua chake kilifunikwa kwa shati jeupe lililofungwa vifungo vyote hadi shingoni, na Mbithi ndiye aliyevifunga. Sasa aliliona tangi la kushoto lilivyobonyea, akaona ni kifua kilekile. Hakuna mtu aliyemtuma. Alijaza ule mbonyeo kwa fila, ile lipu ya mafundi wa bodi, akaulainisha kwa msasa mpaka kiganja hakikusikia kitu, kisha akaipiga pikipiki nzima rangi mpya ya kijani, inayometa, mikono mitatu. Alifanya kazi hiyo kama mtu anayemvika ndugu yake kwa mara ya pili. Na aliposafisha kabureta na kubadilisha plagi, injini ikakohoa, ikawaka. Alilia peke yake pale karakana, halafu akapangusa uso kwa kitambaa cha grisi, akarudi nyumbani uso mweusi.

Jumamosi asubuhi aliisukuma tena hadi Jericho na kuifunika magunia, na alasiri Mmarekani alifika. Alikuwa mtu mzima, mwenye mvi na tumbo, mpole, aliyevua kofia kabla ya kumsalimu Nthoki. Mbithi aliondoa magunia kwa fahari ya bwana harusi.

Mmarekani alitazama. Akachutama, akapitisha kidole kwenye rangi, na uso wake ukaanguka. Alisema maneno machache kwa Bedan, naye Bedan akamgeukia Mbithi kana kwamba anataka kumng'ata.

"Nani alikutuma upake rangi?"

"Nimeitengeneza," Mbithi alisema. "Si mnataka nzuri?"

"Nzuri! Anataka ile rangi ya jeshi, yenye imekwaruzwa! Anataka kutu! Umeiosha historia yote na brashi, bwana. Sasa anasema hii ni kama mpya ya kudanganya, na anauliza tunaficha nini."

Mbithi alibaki ameshika gunia mikononi. Mmarekani alikuwa ameshavaa kofia yake. Alionekana mtu wa kusikitika zaidi kuliko kukasirika, na hapo Nthoki akajua kwamba ama atasema sasa, ama pikipiki itarudi chini ya magunia na Desemba itamkuta hivyohivyo.

"Mwambie," alimwambia Bedan. "Shemeji yangu hakuficha ubovu. Alifunika jeraha. Mume wangu alifia juu yake, kwenye kona ile pale. Kifua chake kilipiga tangi hili la kushoto. Mwambie yote, na unipe jibu lake."

Bedan akatabasamu kwa meno, akazungumza Kiingereza kidogo. Kavata, aliyekuwa amesimama mlangoni na trei ya chai, akaiweka chini.

"Amemwambia kulikuwa na ajali ndogo, Mama," Kavata alisema. Kisha, kwa sauti ileile aliyoitumia ofisini kusoma barua za wakubwa, akamgeukia Mmarekani, akamweleza mwenyewe. Alimweleza mkokoteni, nguzo, mkono kwenye gia. Alimweleza maneno ya bibi yake. Hakulia, lakini mikono aliificha nyuma.

Mmarekani alivua kofia tena. Alisema pole, akairudia, na Nthoki aliona kwamba ilikuwa pole ya kweli. Mtu hawezi kuigiza macho. Lakini baada ya pole kikaja kitu kingine. Uso ule ulioanguka ukaanza kuinuka. Akauliza jina la marehemu. Akauliza linaandikwaje. Akauliza kama kuna picha yake amepanda pikipiki hii. Akachutama tena mbele ya tangi na kumwomba Mbithi, kwa ishara za mikono, aitoe ile fila.

"Anasema haitapandwa tena na mtu," Kavata alitafsiri, sauti imemshuka. "Ana jumba kubwa kwao, anaziweka pikipiki kama hizi, watu wanakuja kuziangalia. Itasimama hapo. Pembeni ataweka picha ya baba na karatasi ya kusimulia jinsi alivyokufa. Anasema yenye hadithi kama hii ni adimu kuliko isiyo na hadithi."

"Mama, Mungu ni mkubwa!" Bedan alidakia, na sasa tabasamu lake lilikuwa la kweli. "Anaongeza! Hii maneno imepandisha bei! Ningejua, ningemwambia mimi kutoka mwanzo!"

Kufa kufaana, wahenga walisema, lakini naamini hata wao walisema huku wameinamisha vichwa. Nthoki alisimama hapo, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alihisi hasira safi, isiyochanganyika na huzuni. Alikuwa amebeba kifo cha Muasya miaka mitano kama mtu anayebeba maji kwa mikono, asimwage hata tone mahali pasipofaa. Leo alikuwa amekifikisha kwa mgeni ili atetemeke, na mgeni alikuwa amekipokea kama zawadi.

"Nimemwambia ili aogope," alisema polepole. "Sikumwambia ili afurahi."

Mbithi alikuwa amekwisha kupiga magoti, anakwangua, kwa sababu mteja ameomba na fundi ni fundi. Rangi ilitoka, fila ikabanduka vipande vipande, na mbonyeo ukajitokeza, mpana, unaong'aa chuma kitupu. Nthoki hakuwahi kuuona. Alisogea, akaweka kiganja chake ndani yake. Kiganja kilikaa chote, na nafasi ikabaki.

Aliinuka. "Kavata, mwulize. Amesikia kwamba kitu hiki kiliua mtu?"

Mmarekani alisema amesikia.

"Aseme kwa kinywa chake kwamba anakichukua akijua."

Akasema.

"Basi pikipiki ni yake, na sina deni naye mbele ya Mungu wala mbele ya wazee. Lakini tangi la kushoto linabaki."

Bedan aliruka. "Mama, unaharibu biashara! Hiyo tangi ndiyo anataka!"

"Ndiyo maana linabaki. Litaenda Mbooni, lizikwe karibu na mwenyewe. Mwulize, Kavata: kwao mtu akifa, ndugu zake hubandua mahali alipoumia wakaenda kuonyesha watu? Na jina pia libaki. Asiliandike. Jina la Muasya lina mtu anayelingoja. Utazaa, Kavata, na mmoja wa wanao ataitwa hivyo. Jina haliwezi kuning'inia ukutani kwa wageni na wakati huohuo liwe mgongoni mwa mtoto."

Kavata alichukua muda kulitafuta hilo kwa Kiingereza. Alipomaliza, Mmarekani aligeuza kofia yake mikononi, akaizungusha kama anatafuta upande wa mbele. Bedan alikuwa akimnong'oneza sikioni, naye Mmarekani akamsukuma kidogo kwa kiwiko. Mwishowe alizungumza, na hakumtazama Bedan bali Nthoki.

"Anasema matangi kama hilo hutengenezwa mapya kwao, atanunua," Kavata alisema. "Anasema hataandika jina. Anasema anaomba radhi, hakufikiri. Na anaomba asikie injini mara moja, kisha aende."

Mbithi alilegeza nati, akalitoa tangi la kushoto na kulilaza juu ya gunia safi. Kisha akafanya kama wafanyavyo mafundi wa Kariobangi gari lisilo na tangi likitakiwa kuwaka: alichukua chupa ya soda, akaijaza petroli, akaifunga kichwa chini kwenye usukani kwa kipande cha waya, na mrija mwembamba ukashuka hadi kwenye kabureta. Mmarekani alitazama kwa mshangao wa heshima.

Nthoki hakutaka kuona. Aliingia ndani.

Alisikia Mbithi akipiga kiki. Kimya. Akapiga tena. Injini ikakohoa, ikasita, halafu Ngurumo ikaamka, ikachechemea na mguu wake mfupi kama zamani, na madirisha ya Jericho yakatetemeka. Milango ilianza kufunguka. Mzee Nzomo, kinyozi wa upande wa pili, alitoka na wembe mkononi na mteja wake nyuma, povu shavuni. Wanawake waliacha nguo kwenye kamba. Hakuna aliyeshangilia. Walisimama kila mtu mlangoni pake, kama watu wanaosubiri jeneza lipite, mpaka Mbithi alipoubana mrija na injini ikafa yenyewe.

Katika kimya hicho Nthoki aliitazama mikono yake. Mmoja ulikuwa umeshika kiberiti. Stovu ilikuwa inawaka, na juu yake sufuria kubwa, ile yenye weusi chini usiotoka, imejaa maji. Hakukumbuka kuiteremsha.

Basi akalia. Alilia kilio kilichopaswa kutoka siku ile sufuria ilipokauka, na hakujali wanaosikia nje. Huko nje walikuwa wakiipakia Ngurumo kwenye pikapu ya Bedan, na Bedan alikuwa akigombana na kila mtu kuhusu kamba. Pikapu ikaondoka. Nthoki hakutoka kuitazama. Alisimama karibu na stovu, akachunga maji.

Hayakuchemka. Aliyaondoa kabla, akayamimina katika karai, akalibeba karai hadi mlangoni mahali pikipiki ilipokuwa imesimama. Mbithi na Kavata walikuwa bado hapo, kila mmoja upande wake wa gunia, hawajui la kufanya na kile chuma.

"Kavata, niletee sabuni," alisema. "Na taulo la baba yako, lile la bluu, liko chini ya sanduku. Shemeji, nishikie hapa, asilale upande."

Mbithi alisikia alivyosema, hakumsahihisha. Alipiga magoti, akaliinua tangi kwa mikono miwili. Nthoki akakunja mikono ya blauzi. Alitia kidole ndani ya maji kwanza, kupima. Yalikuwa vuguvugu, jinsi alivyopenda.